Je, wajua jicho linajua kitu kinaenda upande gani kabla ubongo haujaambiwa?

Wengi tunadhani jicho linapiga picha tu afu ubongo ndo unakaa kuzichambua. Kumbe kule nyuma ndani ya jicho kwenye retina, utando ambao unene wake hata nusu milimita haufiki, kuna seli ambazo kitu kikipita kwenda kulia zinatuma ishara mfululizo, kikipita kwenda kushoto zinanyamaza. Horace Barlow na Richard Hill waliripoti seli hizi kwenye macho ya sungura mwaka 1963, na 1965 Barlow na William Levick wakaonyesha kitu ambacho mimi naona ndo kitamu zaidi, kwamba seli inajua upande hasa kwa kuzuiwa isiseme.

Sasa nani anaizuia? Ni seli jirani inaitwa amakrini ya starbasti, imetawanya matawi pande zote kama nyota, na kila tawi linafanya kazi karibu kama linajitegemea. Chukua tawi moja linaloelekea kushoto. Doa la mwanga likianzia katikati ya seli likatembea kwenda kushoto, ishara zinajumlika zikifika nchani, na ncha inamwaga GABA, kemikali ya kuzima seli nyingine, hapo hapo ile seli inayosema kitu kikienda kulia inazimwa. Doa likirudi kulia, ncha haisisimki sana, GABA inakuwa kidogo, na seli ya kulia inapata nafasi ya kusema. Yaani tawi la kushoto ndo limeungwa na seli ya kulia, kinyume kabisa! Na hii sio kubahatisha maana mwaka 2011 Kevin Briggman, Moritz Helmstaedter na Winfried Denk waliichunguza retina ya panya kipande kwa kipande kwa maikroskopu ya elektroni, wakafuatilia waya moja moja, wakakuta zimeungwa hivyo hivyo.

Baadhi ya seli hizi ndo zinasaidia macho yatulie, mandhari yote ikisogea macho nayo yanaifuata ili picha isivurugike. Kuna watu tangu wachanga macho yao yanachezacheza kulia na kushoto bila kutulia, na baadhi yao wana hitilafu kwenye jeni ya FRMD7. Watafiti walipoivuruga jeni hiyo kwa panya, retina zao zikapoteza uwezo wa kutofautisha kulia na kushoto, ila juu na chini zikabaki nzima.