Chuma cha ndani ya fremu za PVC, na kwa nini huku pwani hakitaki mchezo

Juzi mama mmoja wa hapa Malindi, upande wa Shella, aliniita nikamwangalilie dirisha. Nimefika, nimemwamkia, hata kukaa sijakaa akanipeleka moja kwa moja chumba cha mbele kinachotazama bahari akaniambia, "Mwanangu, dirisha langu lalia." Na kweli lilikuwa lalia. Fremu nyeupe pe, lakini kona ya chini kushoto kuna mstari wa maji ya kahawia umeteremka kutoka kwenye kale katundu ka kutoa maji mpaka ukutani, na rangi ya ukuta ishaingia doa. Mama anasema wakati ananunua aliambiwa PVC, hii plastiki ya fremu, haishiki kutu. Sasa hapo aliambiwa kweli, PVC haishiki kutu hata uitie baharini. Kinachoshika kutu ni kile kilichomo ndani yake, na mama wa watu hakuna aliyemwambia kwamba ndani kuna kitu.

Ndio nikaona niandike hii, manake kila nyumba inayojengwa siku hizi kuanzia Casuarina mpaka Mayungu watu wanaulizia PVC, na maswali ni yale yale: rangi gani, kioo kiasi gani, bei gani. Chuma cha ndani hakiulizwi.

Ukikata profaili ya PVC, yaani ule mti mrefu unaotengenezewa fremu, ukaiangalia kwa kichwa utaona vyumba vyumba, kama sega la nyuki ila vikubwa zaidi. Kimoja hapo katikati ndicho kikubwa, na hicho kimewekwa makusudi kipitishwe chuma, ama bomba la pembe nne lililofunga ama kipande kilichokunjwa mfano wa U. Vyumba vingine ni vya hewa, na kimoja huku nje chini ni cha kupitisha maji ya mvua yanayoingia pembeni ya kioo. Shika hilo la vyumba kuwa mbali mbali, nitalirudia.

Kwa nini chuma? PVC ni laini. Ugumu wa chuma katika kukataa kupinda ni kama mara 80 ya PVC, yaani si kwamba chuma kinasaidia saidia, kwenye nguzo ndefu ya dirisha chuma ndicho kinachofanya karibu kazi yote na PVC imekuwa nguo tu. Na upepo wetu mnaujua. Kusi ikianza kuvuma kuanzia Aprili hivi haipigi mara moja ikaondoka, inasukuma na kuachia, inasukuma na kuachia, miezi. Upepo wa kilomita 60 kwa saa unasukuma kama kilo 17 kwa kila mita ya mraba, kwa hivyo mlango wa vioo wa mita 2 kwa 2 unabeba karibu kilo 70 za upepo, na huo si upepo wa tufani. Nguzo ya kati ikiwa haina chuma inaingia ndani inatoka nje, silikoni inaachia, raba zinaachia, kisha mvua inayoletwa na upepo inaingia sebuleni na mwenye nyumba analaumu kioo.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi hawakijui, na mimi mwenyewe nilichukua muda kukijua. Urefu ndio adui mkubwa. Nguzo ya mita 2.4 haipindi mara mbili ya nguzo ya mita 1.2, inapinda mara 16 kwa upepo ule ule. Kumi na sita! Kwa hivyo ukimsikia mtu anasema "nimeweka chuma hiki hiki kwenye madirisha ya vyumbani na hayana shida" na sasa anataka akiweke kwenye dirisha la sebuleni la kutoka sakafuni mpaka juu, mwambie hapana.

Halafu kuna suala la unene na kina. Wateja waliosikia sikia kidogo huuliza unene peke yake, ni milimita ngapi, na ni vizuri waulize, mimi nguzo ya kati siweki chini ya 1.5, kwa lugha ya geji hiyo iko karibu na geji 16, na geji 18 ambayo ni 1.2 naiacha kwa madirisha madogo. Lakini angalieni hesabu hii. Chukua bomba la 20 kwa 20 la unene wa 1.5. Ukiongeza unene mpaka 2, umenunua chuma zaidi kwa asilimia 30 na ugumu umeongezeka kama robo tu. Ukiacha unene vile vile 1.5 lakini ukachukua bomba la 20 kwa 30, ukalisimamisha ile 30 ielekee upepo, kutoka nje kuja ndani, ugumu unaruka zaidi ya mara mbili na nusu, na chuma kimeongezeka robo peke yake. Ndio maana profaili nzuri za nguzo zina chumba kirefu cha kuingiza chuma kirefu. Na ndio maana ukiona fundi ametia kabomba kembamba kanachochezacheza ndani ya chumba kikubwa, ujue amechukua kilichokuwa kimebaki karakana, si kile cha profaili hiyo. Chuma kinatakiwa kijae chumba, kiingie kwa kusukumwa na mkono bila kugongwa na nyundo.

Kama mnataka kipimo cha kushika, viwango vya Ulaya vya upepo kwa madirisha, EN 12210, vina madaraja matatu ya kupinda: A ni sehemu 1 kwa 150 ya urefu, B ni 1 kwa 200, C ni 1 kwa 300. Nguzo ya mita 2.1 kwa daraja C isipinde zaidi ya milimita 7. Mimi nikikabidhi mlango mkubwa nafunga uzi juu mpaka chini mbele ya nguzo, nasukuma kwa kiganja katikati mwenye nyumba akiwa anaangalia. Si kipimo cha maabara lakini nguzo isiyo na chuma inajitaja yenyewe hapo hapo.

Jua nalo lina kazi yake. PVC ikipata joto inatanuka sana kuliko chuma, kipande cha mita 2 kikipanda joto kwa nyuzi 30 kinarefuka milimita 4 na zaidi kidogo, chuma cha urefu huo hakifikishi hata milimita 1. Upande wa nje unachomwa na jua la saa nane, upande wa ndani uko kivulini, sasa fremu inataka kujikunja kama upinde. Chuma kikifungwa sawa sawa na skrubu kinaishika isijikunje. Kikiwa kimetumbukizwa tu bila skrubu, na nimeyaona hayo, kinakaa ndani kama mgeni, PVC inajikunja yenyewe na chuma kinagongagonga ndani ukifungua dirisha. Skrubu ziwe kila sentimita 30 zisizidi, ya kwanza iwe karibu na kona, na kwa fremu za rangi ya mbao au kijivu cheusi, ambazo huku watu wamezipenda sana, mimi nazikaribisha zaidi, sentimita 20 mpaka 25. Fremu nyeusi juani inafika nyuzi 70 na PVC yenyewe inaanza kulainika karibu na 80, hiyo si nafasi kubwa. Fremu ya rangi bila chuma huku kwetu mimi sifungi, hata kama ni kadirisha ka choo, na mteja akikataa kulipia chuma namwomba radhi kwa heshima atafute fundi mwingine.

Tuje kwenye chumvi sasa, manake hapa ndipo dirisha la yule mama lilipofia.

Chuma cha ndani kinakuja na zinki, kama mabati. Kile kizuri kinaandikwa Z275, maana yake gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba ukihesabu pande zote mbili, ambazo ni kama mikroni 20 kila upande. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hivyo mikroni 20 ni kidogo sana, unywele ni mnene kuliko hivyo. Kiwango cha ISO 9223 kinagawa hewa kwa ukali wake, na maeneo ya bahari yenye chumvi nyingi yako daraja la C5, ambapo zinki inalika mikroni 4.2 mpaka 8.4 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: chuma kikiachwa kwenye upepo wa bahari, zinki yake inaweza kwisha ndani ya miaka miwili na kitu mpaka mitano. Kinachookoa ni kwamba chuma hakiko kwenye upepo, kimefungiwa ndani ya chumba kikavu, na humo ndani kinaweza kukaa umri wa nyumba. Kwa hivyo kazi yote ni moja, hicho chumba kibaki kimefunga.

Nilipofungua dirisha la mama nikatoa kioo, nikaangaza na tochi ya simu kwenye mfereji wa chini, nikaona mara moja. Fundi aliyetoboa matundu ya kutoa maji alitumia drili badala ya mashine yenye kipimo, akashuka sana, akapita chumba cha maji akatoboa mpaka chumba cha chuma. Basi kila mvua, maji yanaingia kwenye chuma na hayana pa kutokea. Na kila siku hewa ya bahari inaingia kwa tundu lile lile. Nilipokata kile kipande cha chini, chuma kilitoka kwa mafungu, majani majani ya kutu, unakibonyeza kwa kidole kinavunjika kama kaimati iliyolala. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma chenyewe kwa hivyo ilikuwa ishaanza kuvimbisha ukuta wa PVC kwa ndani. Na nilipokwangua upande ambao haujaoza sikuona zinki, niliona ni skwea tyubu nyeusi ya kutengenezea mageti. Hilo lilinisikitisha kuliko tundu, manake tundu ni makosa ya mkono yanaweza kumpata yeyote, lakini tyubu nyeusi mtu aliichagua akijua.

Jambo jingine ni ncha. Chuma kinakatwa wima, PVC inakatwa pembe ya nyuzi 45 kisha kona zinachomelewa kwa sahani ya moto wa karibu nyuzi 250, na kila ncha inayeyuka kama milimita 3. Chuma kikifika mpaka kona kinazuia PVC isishikane vizuri, kona inatoka dhaifu, kwa hivyo kinakatwa kifupi kidogo, kinaachwa nyuma ya kona milimita kadhaa. Sawa. Lakini pale kilipokatwa na grainda hakuna zinki tena, ni chuma kitupu. Zinki ya jirani inalinda ukingo kidogo na bara pengine ingetosha, hapa mimi kila ncha naipaka rangi ya zinki kabla haijaingia. Kopo moja linapaka nyumba nzima na zaidi, sioni sababu ya mtu kubania hapo. Na msumeno ni bora kuliko grainda, grainda inachoma zinki kwa moto wake mbali zaidi ya pale ilipokata.

Skrubu za nje na za bawaba, chuma cha pua (stainless) namba 316 ndicho kinachostahimili bahari kuliko namba 304. Na kwenye milango hakikisheni skrubu za bawaba na za kitasa zimeuma chuma, si PVC peke yake. Kioo cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita ya mraba, mlango wa kawaida wa kioo unabeba kilo 20 na kitu, na unafunguliwa mara ngapi kwa siku? Bawaba iliyouma plastiki peke yake baada ya muda inalegea, mlango unashuka, unaanza kukwaruza chini. Usalama pia uko hapo hapo, kitasa kizuri kilichofungwa kwenye plastiki tupu mwizi anakingoa na chuma cha kubandulia bila kelele.

Wa Lamu mnaoniandikia: Shela na Manda kwenye nyumba mpya nafanya, na tafadhali fremu ziletwe zimefungwa vizuri, manake kutoka Mokowe ni boti halafu mabega ya watu au punda, na maji ya chumvi yakiingia kwenye matundu safarini umeanza vibaya. Ila Mji wa Kale siweki PVC. Ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, dirisha lake ni la mbao na mafundi wake wapo.

Kwa walio na madirisha tayari, chukua sumaku yenye nguvu, hata ile ya spika mbovu, ipitishe taratibu juu ya fremu. PVC haivutwi, kwa hivyo panapovuta ndani kuna chuma, na ukiifuata utajua kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Usichanganywe na skrubu, hizo zinavuta kidogo mahali pamoja tu. Nimewahi kuikuta nguzo ya mita 2 sumaku inashika sentimita 40 za katikati peke yake. Sumaku haikwambii unene wala zinki, hivyo ni vya kuviona kabla kona hazijachomelewa, nenda karakana siku hiyo, omba kipande kilichobaki baada ya kukata, pima, ondoka nacho nyumbani ukiweke.

Na matundu ya maji yasafisheni kabla ya kila masika, mchanga na mabawa ya kumbikumbi yanaziba. Tumieni waya laini au brashi ya mswaki, si msumari. Mkiosha fremu osheni kwa maji baridi ya mfereji au ya mvua, yale ya kisima cha karibu na bahari mnazidi kuipaka chumvi.