Nusu kipenyo cha Schwarzschild: maana yake, na ule weusi ulio ndani ya jina

Ukirusha jiwe juu, litarudi. Ili lisirudi kabisa, lingelazimika kuondoka duniani kwa kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde. Sasa chukua Dunia hii hii, na milima na bahari zake, uikandamize bila kupunguza chochote. Kadiri inavyosinyaa, ndivyo jiwe linavyohitaji kasi kubwa zaidi ili liponyoke. Ikishafikia ukubwa wa gololi, yenye nusu kipenyo cha milimita 9, hata mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hautoki. Kipimo hicho ndicho nusu kipenyo cha Schwarzschild. Kila kitu chenye tungamo, yaani kiasi cha maada, kina chake. Cha Jua ni kilomita 3 hivi. Kitu kikibanwa chote ndani ya mpaka huo, huwa shimo jeusi.

Kwa Kijerumani, schwarz ni "nyeusi" na Schild ni "ngao" au "kibao". Ni rahisi basi kudhani kwamba wanasayansi walikaa wakatunga fumbo: ngao nyeusi, kwa kitu kinachomeza mwanga. Wapo pia wanaolikata jina mahali pasipo pake, wakaona neno la Kiingereza "child" mwishoni na kupata "mtoto mweusi". Sivyo. Herufi s-c-h hazitenganishwi, ni sh yetu: Shvarts-shilt.

Ni jina la ukoo la Karl Schwarzschild, mwanafalaki aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1873. Katika mtaa wa Wayahudi wa mji huo, nyumba zilijulikana kwa alama zake, na familia ikaitwa kwa jina la nyumba. Ngao nyekundu ilizaa Rothschild. Nyeusi ikazaa Schwarzschild.

Kinachonigusa zaidi ni mahali alipofanyia hesabu iliyozaa kipimo hiki. Alikuwa jeshini, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, alipopata jibu kamili la kwanza la milinganyo mipya ya Einstein kuhusu nguvu ya mvutano. Akampelekea mwenyewe Einstein, naye akaliwasilisha Berlin Januari 1916. Tarehe 11 Mei mwaka huo Schwarzschild akafariki kwa ugonjwa wa ngozi, akiwa na miaka 42. Jina "shimo jeusi" lilikuja kushika miaka ya 1960. Weusi wa jina lake ulikuwa wa kibao cha nyumba, karne kadhaa kabla.