Mchepuo, mchepuko na baipasi ambayo bado haijawa baipasi

Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, jirani yangu alikuja barazani akiwa na furaha ya mtu aliyeipata habari kabla ya wenzake. "Maalim," aliniambia, "baipasi yetu imeshafunguliwa. Leo gari ya shamba imepita huko, nami nilikuwa ndani." Mimi nilikuwa nimepita pahala hapo asubuhi yake kwa baskeli. Nilichokiona ni ukanda wa kifusi uliosawazishwa na greda ubavuni mwa barabara ya zamani, mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kijana mwenye kibendera akizipitisha gari kwa zamu huku mafundi wakilaza kalavati upande wa pili. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa mwezi huu kuisikia habari ile ile, na kila anayeileta huapa kuwa ameiona baipasi kwa macho yake.

Baipasi ni barabara ya kudumu inayoachana na njia kuu kabla ya mji, ikaupita mji kwa kando, kisha ikarejea kwenye njia hiyo hiyo baada ya mji, ili gari isiyo na shughuli mjini isilazimike kuingia mjini. Maana yake haizidi hapo. Kinachoniudhi ni majina mawili ya Kiswahili ambayo watu huyapachika juu ya kitu hicho na juu ya vitu vingine visivyohusiana nacho, yaani mchepuo na mchepuko, na namna mkanganyiko wa majina ulivyowafanya watu wazima waamini kuwa kazi imekwisha ilhali bado ipo nusu ya njia.

Mzizi wa maneno yote mawili ni mmoja. Kuchepuka ni kutoka katika mkondo uliokuwa ukiufuata na kushika upande, nami siwezi kulisikia neno hilo bila ya kulikumbuka jengine linalofanana nalo, kuchipuka, kwa sababu tawi changa la mkarafuu nalo hutoka ubavuni mwa shina na kushika njia yake. Kutokana na chepuka tunapata mchepuko, na kutokana na chepua tunapata mchepuo, na tofauti ya wawili hawa ni ile iliyopo kati ya kufumuka na kufumua, au kati ya kufunguka na kufungua. Tunasema mfumuko wa bei kwa sababu bei hufumuka zenyewe, au angalau hapana mtu anayekubali kuwa yeye ndiye aliyezifumua. Tunasema Mfunguo Mosi, wala hatusemi Mfunguko Mosi, kwa sababu katika mwezi huo watu ndio wanaofungua baada ya saumu ya Ramadhani, na mwezi wenyewe haukufunguka kama mlango ulioachwa wazi. Kwa kipimo hicho, mchepuko ni kule kuchepuka kwenyewe, na mchepuo ni jambo ulilofanyiwa: yupo aliyekuchepua, na mara nyingi ameshika kibendera.

Ingekuwa sarufi ndiyo inayoamua, basi ningelimaliza hapa kwa kusema kuwa ukanda wa kifusi alioupita jirani yangu ni mchepuo, na barabara mpya itakapokamilika itakuwa mchepuko. Lakini Bara wameshazoea kuiita baipasi yenyewe "barabara ya mchepuo", kama ile ya Arusha yenye kilomita 42.4, na wapo wanaoandika "mchepuko" kwa kitu hicho hicho. Skuli nazo zina mchepuo wao, wa sayansi au wa biashara, ambao mwanafunzi akishaingizwa ndani yake harejei tena alikotoka. Matumizi yakishakaa katika vinywa vya watu hayang'olewi kwa ajili ya herufi moja, na mimi sikusudii kuyang'oa. Ninachokidai ni kwamba, kwa jina lolote litakalotumika, njia ya muda na barabara ya kudumu zisifanywe kitu kimoja.

Njia ya muda huwepo kwa sababu barabara kuu imefungwa. Kalavati likishalazwa na lami ikamwagwa, njia hiyo huachwa, na baada ya mvua za masika mbili hivi majani huwa yameshaifunika. Baipasi ni kinyume chake. Huwepo ilhali barabara kuu ipo wazi na inaendelea kutumika, na dereva huichagua mwenyewe akiwa bado yuko mbali na mji. Ukiona umelazimishwa kupita pahala, hapo hupo kwenye baipasi.

Katika jambo hili, wanaolitumia neno mchepuko kwa maana ya mitaani, ambayo msomaji anaijua na sina haja ya kuieleza, wamelielewa barabara kuliko sisi tunaojidai kuwa watu wa lugha. Mchepuko wao hauwi mchepuko mpaka njia kuu iwepo, iwe nyumbani na mume awe anarejea jioni. Asiyerejea hakuchepuka huyo, amehama. Hata kampeni ya afya iliyoenea Bara miaka kadhaa nyuma, ile iliyowahimiza watu "wabaki njia kuu", ilisimama juu ya fahamu hiyo hiyo ya kutoka na kurejea. Naomba radhi kwa mfano, lakini sijapata ulio bora zaidi.

Kurejea ndiko kunakoitenga baipasi na barabara nyengine zinazotwikwa jina lake. Barabara ya mzunguko, kama ile ya nje ya Dodoma yenye kilomita 112.3, huuzunguka mji mzima na kuzipokea njia zote zinazoingia humo, kwa hivyo haina njia kuu moja iliyoiacha na ambayo inawajibika kuirejea. Barabara ya juu, kama zile za Amani na Mwanakwerekwe hapa Unguja, haichepuki kabisa, bali hupanda juu ya makutano na kushuka upande wa pili katika mstari ule ule. Njia ya mkato hufupisha masafa, na baipasi mara nyingi huyarefusha: unaongeza kilomita ili upunguze dakika. Anayelalamika kuwa baipasi "inazungusha" analalamikia kazi iliyojengewa.

Tuliozaliwa Unguja tulitakiwa tuwe wa mwisho kukosea jambo hili, kwa kuwa tunao mfano ambao tunaukanyaga kila siku. Barabara inayotoka upande wa Malindi ikapita Darajani na kuelekea Mnazi Mmoja, ambayo wengi bado wanaiita Creek Road ingawa sasa ina jina la Benjamin Mkapa, imelala mahali palipokuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Daraja lililovuka maji hayo ndilo lililoipa Darajani jina lake, na leo hapana daraja wala maji, kwa sababu mkono huo wa bahari ulifukiwa wakati wa utawala wa Uingereza. Gari inayotoka bandarini kwenda upande wa Kilimani haina haja ya kujipenyeza katika vichochoro vya Mkunazini, kwani huushika ukingo wa mji wa mawe na kutokea upande wa pili. Kwa kazi yake, ile ni baipasi ya Mji Mkongwe, hata kama hapana aliyewahi kuiita hivyo. Kwamba leo unaweza kukaa robo saa mbele ya soko la Darajani bila ya gari kusogea ni kwa sababu Ng'ambo ilikua, na kilichokuwa ukingo kikawa katikati. Hayo huzipata baipasi nyingi, maana maduka huifuata barabara yanapoiona haina foleni, mpaka nayo ikapata foleni yake.

Sasa nirudi kwenye barabara yetu na suali linaloulizwa kila jioni: imefika wapi? Jibu huja kwa asilimia, na asilimia hizo huwapoteza watu kuliko majina. Mtu akisikia kuwa ujenzi umefikia asilimia 70 hudhani kuwa katika kila kilomita kumi, saba zinapitika. Kawaida asilimia hiyo hupima kazi, si urefu. Kila kazi katika mkataba ina uzito wake, iwe ni kusafisha njia, kukata na kujaza udongo, kulaza makalavati, kushindilia tabaka za kifusi na kokoto, au kumwaga lami. Barabara inaweza kuwa na udongo wote na makalavati yake yote bila ya kuwa na hata hatua moja ya lami, na bado asilimia ikawa kubwa. Inaweza pia kuwa na lami inayong'aa katikati, vijana wakaifanya uwanja wa kujifunzia vespa, na isimfikishe mtu popote, kwa sababu mwisho wake mmoja umekomea kwenye minazi ambayo fidia yake haijamalizika.

Hiyo ya pili ndiyo hali yetu. Baipasi ina midomo miwili, mmoja wa kutokea na mwengine wa kurejea, na mpaka midomo yote miwili iungane na njia kuu, kilichopo baina yake ni kichochoro kirefu chenye lami. Kwa hivyo yale maungio, ambayo katika hesabu ya kazi huenda yakawa sehemu ndogo, katika maana ya neno ndiyo kila kitu.

Jirani yangu ni mtu mwema na hakuleta habari ile kwa nia ya kumdanganya mtu. Nilimmiminia kahawa, nikangoja aipulize, kisha nikamwambia: "Sheikh, gari uliyoipanda leo imechepuliwa tu, itarudishwa pale pale kalavati likishafukiwa. Siku lori la bandarini litakapokwenda shamba bila ya kulipita soko letu, likatokea kule mbele kwenye njia kuu, njoo uniambie kuwa baipasi imefunguliwa. Nitakuamini bila ya kwenda kutazama." Alicheka, akaniuliza kama kibendera cha yule kijana nacho kimo katika asilimia.