Je, wajua kwa nini mtandao unaosifiwa kote hukwama nyumbani kwako?

Sifa za kampuni ya simu hutokana na vitu ambavyo kila mtu huviona: minara mingi, duka katika kila mji, na wakala wa pesa kila kona. M-Pesa ipo tangu Machi 2007, na mtu akituma pesa kutoka Kondele zikafika Njoro papo hapo, husema mtandao huo ni mzuri. Hakosei, lakini menyu ya kutuma pesa hubeba data kidogo mno na hupita hata kwenye 2G. Video ya dakika moja ni mzigo mwingine kabisa. Ndiyo sababu Jumapili pale soko la Kibuye malipo hupita huku picha ya WhatsApp ikizunguka tu.

Vipimo rasmi navyo vina mipaka yake. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupima ubora kwa magari yenye mitambo yanayopita barabarani, na kiwango cha kufaulu ni asilimia 80. Gari haliingii chumbani mwako. Vilevile, 5G ilipoanza kujaribiwa nchini Machi 2021, Kisumu, Kisii na Kakamega zilikuwamo pamoja na Nairobi, ila mji kutajwa hakumaanishi kila mtaa umefikiwa.

Wewe hutumii mtandao wa nchi nzima. Unatumia upande mmoja wa mnara mmoja, na kwa kawaida mnara huwa na pande tatu. Upande wenye masafa ya 4G ya upana wa megahezi 20 na antena mbili hutoa, hali ikiwa nzuri kabisa, megabiti 150 hivi kwa sekunde, kisha watu wote hugawana. Katika mitaa ya ploti kama Kaptembwo, Nakuru, watu 200 wakiwa mtandaoni kwa pamoja saa mbili usiku, kila mmoja hubaki na chini ya megabiti moja. Vipau juu ya kioo vitaonekana vimejaa, maana vinaonyesha nguvu ya mawimbi, si urefu wa foleni.

Kwa hiyo usivitegemee vipau. Kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, usome nguvu ya mawimbi. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Namba hiyo hutolewa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, -85 dBm ni nzuri, -105 ni ya kujikongoja, na ikifika -115 tarajia simu kukatika. Kila tofauti ya 10 ni nguvu mara kumi. Ukisoma -98 uani na -118 chini ya mabati, mawimbi yamepungua mara mia kwa kuvuka mlango tu. Hapo kosa si la mnara, ni nyumba. Simu nayo hurusha kwa takriban wati 0.2 tu, kwa hiyo huweza kuusikia mnara usioisikia, ikawa inajikaza na kumaliza chaji.

Pima kasi saa kumi na moja alfajiri, mchana, na saa mbili usiku, mahali pale pale. Namba ya mawimbi ikiwa ile ile lakini kasi ikaanguka usiku, huo ni msongamano. Ikiwa mbovu hata nje mchana kutwa, mnara uko mbali au kilima kimeziba. Mtandao ukifa saa chache baada ya stima kupotea, betri za mnara zimeisha. Na data ikikatika kila unapopiga simu, huenda simu yako haipigi kupitia 4G, hivyo hushuka 2G au 3G kwanza. Wa Busia na wa visiwani Ziwa Victoria, ambako maji hayazuii mawimbi, chagueni mtandao kwa mkono, la sivyo simu hujishikiza kwenye minara ya Uganda.

Kuhama na nambari yako kumeruhusiwa tangu Aprili 2011. Kabla ya kuhama, nunua laini ya kampuni ile nyingine uipime nyumbani kwako kwa wiki moja, saa zile zile. Toa pia pesa zote, kwa sababu akaunti ya pesa haihami na nambari. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo inayowafunga wateja kuliko ubora wowote, na ndiyo maana wengi hubeba laini mbili.

Ukilalamika, anza na kampuni na udai nambari ya malalamiko. Wasipokusikiliza, peleka nambari hiyo kwa Mamlaka. “Mtandao ni mbaya” haimsaidii fundi. Andika hivi: mtaa, ploti iliyo karibu na shule gani, saa mbili hadi saa nne usiku, -84 dBm, kasi megabiti 0.6, aina ya simu.