Chembe nyeupe baada ya upasuaji wa moyo: dhana potofu na ukweli

Ndugu wa wagonjwa wa moyo hapa kwetu Dodoma ni wasomaji hodari wa karatasi za maabara. Mgonjwa wa Kondoa au Bahi anapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, anabadilishiwa vali, na kabla hajatoka wodini picha ya FBP, karatasi ya kipimo kinachohesabu chembe za damu, imeshazunguka kwenye WhatsApp ya ukoo. Hapo ndipo maneno huanza.

“Chembe nyeupe zimepanda, ameingiwa na wadudu.”

Si lazima. Moyo unaposimamishwa ili ufanyiwe kazi, damu huzungushwa na mashine inayoshika nafasi ya moyo na mapafu, ile aliyofanikiwa nayo John Gibbon huko Philadelphia mwaka 1953. Damu ikigusa mirija ya plastiki ya mashine hiyo, chembe nyeupe, hasa zile ziitwazo nyutrofili, huamka kana kwamba mwili umevamiwa. Kidonda cha kifua nacho huchangia. Hivyo namba kuvuka 11, yaani kikomo cha juu cha kawaida, siku za mwanzo ni jambo linalotarajiwa. Daktari huangalia kama inashuka, kama kuna homa, kama kidonda kinatoa usaha.

“Steroidi hushusha chembe nyeupe.”

Hii huwapoteza hata waliosoma sayansi. Deksamethasoni, mojawapo ya steroidi (dawa za kutuliza mchochota, yaani uvimbe na wekundu wa mwili unapojihami), hupunguza ukali wa chembe hizo, lakini idadi yake kwenye karatasi hupanda! Nyutrofili nyingi huwa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa, kwa hiyo hazimo kwenye damu inayovutwa kwa ajili ya kipimo. Steroidi huzibandua zikaingia kwenye mkondo, na uboho ulio ndani ya mifupa nao huachia nyingine. Ndiyo maana aliyechomwa dawa hii anaweza kuwa na namba kubwa bila maambukizi, au maambukizi bila homa. Ukiipeleka karatasi kwa daktari mwingine, mtajie na dawa alizopewa mgonjwa.

“Mchochota ukizimwa kabisa, atapona upesi.”

Mabingwa wenyewe waliliamini hili kwa miaka mingi. Utafiti ulioitwa SIRS wa mwaka 2015 uliwahusisha wagonjwa 7,507 wa upasuaji wa moyo katika nchi 18. Nusu walichomwa steroidi iitwayo methiliprednisoloni, nusu sindano isiyo na dawa. Hakukuwa na tofauti ya maana katika vifo, na vipimo vya kuumia kwa msuli wa moyo vilikuwa vibaya zaidi kwa waliopata dawa. Rosuvastatini, dawa ya kolesteroli iliyodhaniwa pia kutuliza mchochota, nayo ilijaribiwa Beijing kwa wagonjwa 1,922: haikuzuia mapigo ya moyo kwenda ovyo, na matatizo ya figo yaliongezeka. Kwangu mimi si ajabu, maana chembe hizohizo ndizo zinazosafisha kidonda.

“Mwenye pumu aache prednisoloni kabla ya upasuaji.”

Hili ni la hatari. Prednisoloni nayo ni steroidi, na aliyeitumia kwa muda mrefu, tezi zake za juu ya figo zimelala. Akiikatisha ghafla, presha inaweza kuporomoka mezani. Amwambie daktari wa usingizi, hata kama vidonge alijinunulia duka la dawa pale Majengo. Ataje na vitunguu saumu anavyotafuna kila asubuhi, kwani vikizidi vinaweza kuongeza kutoka damu.