Wastani wa mji huficha wagonjwa wake

Ninapoletewa takwimu za afya za mji mzima, swali langu la kwanza ni kama zimechambuliwa mtaa kwa mtaa. Hospitali na maduka ya dawa yamerundikana mjini, kwa hiyo wastani wa mji mara nyingi hupendeza kuliko wa vijijini. Wengi huridhika hapo, na jambo hilo linanisikitisha.

Chukua Nairobi. Utafiti uliofanywa mwaka 2000 katika mitaa ya mabanda ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, wapatao 151 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa Nairobi yote walikuwa kama 62. Kwa vijiji vya Kenya, 113. Mtoto wa mabandani, anayeishi karibu na hospitali kubwa za nchi, alikuwa hatarini kuliko mwenzake wa kijijini. Nimonia na kuharisha viliongoza kwa kuua. Maji hununuliwa kwa dumu, tena mara nyingi kwa bei inayozidi ya mwenye bomba ndani. Choo ni cha kaya nyingi. Chumba kinacholaliwa ndicho kinachopikiwa.

Lakini umaskini hauelezi yote. Julai 1995, joto kali liliua watu zaidi ya 700 Chicago, wengi wakiwa wazee. North Lawndale na South Lawndale ni mitaa inayopakana, na idadi ya wazee maskini walioishi peke yao ilikaribiana. Hata hivyo, kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa kama mara kumi ya jirani yake. South Lawndale ilikuwa na maduka na barabara zenye watu, kwa hiyo mzee alikuwa na pa kwenda na watu wa kumwona. North Lawndale ilikuwa imehamwa, viwanja vitupu, na hofu ya uhalifu iliwafungia wazee ndani ya nyumba zenye joto. Kwa maoni yangu, taa ya barabarani na duka lililo wazi vinastahili kuhesabiwa katika mipango ya afya.

Kabla bajeti haijagawanywa, naomba vifo vihesabiwe kwa mtaa, na wapangaji wasiomo katika rejista yoyote watafutwe nyumba kwa nyumba. Hao huhamahama kufuata kodi nafuu, na chanjo inayofuata ya mtoto hupotea kati ya zahanati mbili, kila moja ikidhani nyenzake imeshaitoa.