Mania ni tamu, ndo maana ni hatari: maswali yenu kuhusu baipola

Maswali haya yametoka kwa watu wa hapa hapa Tanga, wengine wanaumwa wenyewe, wengine ni mama zao, waume zao, rafiki zao.

Baipola ndo ukichaa?

Ni ugonjwa wa akili unaovuruga hisia na nguvu za mtu. Kuna kipindi anapanda sana, hiyo ndo mania, kuna kipindi anashuka kwenye sonona hataki kula wala kuongea na mtu, na katikati hapo anaweza kukaa miezi au hata miaka yuko mzima kabisa anafanya shughuli zake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 40 walikuwa wanaishi nao mwaka 2019. Mara nyingi unaanza ujanani, ndo maana nyumbani wanasema "ujana huo, utaisha".

Mbona mimi nikiwa juu najisikia vizuri kuliko siku zote? Ugonjwa uko wapi sasa?

Kwanza nakuamini. Wengi wanakimbilia kukwambia unaumwa bila hata kukuuliza ilikuwaje, na mtu akiona hasikilizwi anaacha kliniki. Utamu upo kweli, unalala masaa mawili unaamka mwepesi, maneno yanakuja yenyewe, aibu inaisha, mawazo ya biashara yanamiminika, unampenda kila mtu na unaona kila mtu anakupenda, na kama umetoka kwenye sonona ya miezi minne unahisi sasa ndo umerudi kuwa wewe. Shida ni kwamba akili hiyo hiyo inayokupa raha ndo inatakiwa ikupigie breki, na breki ndo zinakufa za kwanza. Yaani mwenyewe ndo unakuwa wa mwisho kujua.

Ipo ndogo yake inaitwa haipomania, mtu anachangamka siku nne au zaidi lakini kazi na familia bado zinaenda. Hiyo ndo inawadanganya wengi, wanadhani watabaki hapo hapo. Kwa baadhi ya watu haibaki, inaendelea kupanda.

Inaharibikaje sasa?

Chukua dada mmoja fundi cherehani huko Ngamiani. Siku za mwanzo kila mtu anamsifu, saa tisa usiku cherehani inasikika, anaimba, anawatania wapita njia. Mara anaanza kukata vitenge vya wateja kwa mitindo yake mwenyewe, "hii itakupendeza zaidi". Baada ya siku chache chumba kizima ni vitambaa sakafuni, mikono huku, kola kule, hakuna gauni hata moja lililoisha, na ameshachukua mkopo wa kausha damu anunue cherehani kumi afungue kiwanda, dhamana ni friji ya mama yake. Mama akimwambia pumzika mwanangu, anawaka, "unanionea wivu". Wiki tatu mbele ametulia, kitenge cha harusi ya mtu kiko pale kimekatwakatwa, anaogopa kutoka nje, na hapo ndo sonona inamkuta.

Hela sio hatari peke yake. Kuna kulala na watu bila kinga halafu virusi vya Ukimwi au mimba, kuna kuendesha bodaboda kama hakuna kufa, kuna ugomvi na jirani wa miaka yote. Mania ikiwa kali mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini ametumwa na Mungu au kuna watu wanamfuatilia. Ile ninayoiogopa kuliko zote ni ya mchanganyiko, ana nguvu za mania lakini mawazo ni ya sonona, huyo anaweza kujiua na msimwache peke yake hata dakika moja.

Kwetu wanasema ni jini, tumpeleke kwa mganga?

Kumsomea dua sio kosa, dua inawapa moyo wote mliopo. Ila asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asipigwe, na asiambiwe aache dawa ili uganga ufanye kazi.

Dalili ya kuiwahi ni ipi?

Usingizi. Mwenye stresi anakosa usingizi halafu mchana anachoka, huyu halali na wala hachoki, ndo tofauti yenyewe. Na kukesha nako kunaweza kuiwasha mania, kwa hiyo shifti za usiku na mikesha ya harusi mwenye baipola avipangie mapema. Ramadhani ikikaribia aongee na daktari kuhusu saa za dawa na daku, asiamue mwenyewe.

Nikishapona si naacha dawa? Zinanifanya mzito, nahisi nimepoteza kipaji.

Uzito huo mwambie daktari, dozi inabadilishwa, dawa inabadilishwa, usinyamaze halafu ukazimwaga chooni. Ukiacha ghafla mania inaweza kurudi fasta. Lithiamu, dawa moja ya baipola, inafahamika kwa kazi hii tangu mwaka 1949, daktari John Cade wa Australia ndo alionyesha inatuliza mania, lakini inataka vipimo vya damu, maji ya kutosha, na usijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa sababu lithiamu inaweza kuzidi mwilini ikawa sumu. Ukitumia kabamazepini, dawa nyingine ya baipola, na umeweka kijiti cha uzazi wa mpango au unameza vidonge vya majira, mwambie nesi, inapunguza nguvu zake, mwanamke anashtukia ana mimba. Valproeti, nayo dawa ya baipola, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwenye umri wa kuzaa auulizie kabla hajaanza. Na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumpandisha mtu kwenye mania, sasa ukienda kliniki unalia lia zitaje na zile siku ulizokuwa unapaa.

Tukimbilie wapi?

Tanga mjini anzeni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Upande wa Korogwe, milimani kule Usambara, kuna Lutindi, hospitali ya kanisa la Kilutheri ya wagonjwa wa akili. Kama anaongelea kufa, anasikia sauti, au usiku wa pili huu hajalala na bado anaruka ruka, nendeni leo leo, msisubiri siku ya kliniki.

Na sisi wa nyumbani tufanye nini akiwa mzima?

Kaeni naye mkubaliane akiwa na akili zake timamu, mwenyewe aseme: nikipanda, laini ya M-Pesa ishike dada, funguo ya pikipiki ishike kaka, na mtu wa kuniambia "twende hospitali" awe shangazi peke yake kwa sababu ndo namsikiliza. Muandike, asaini yeye. Siku akiwa juu msibishane naye kama ni mgonjwa au sio mgonjwa, ongeeni taratibu, punguzeni redio na wageni, na shangazi apigiwe simu.